Kama Bado ni Mke wa Kasisi

Jumamosi, 10 Machi 1554

Mvua tangu alfajiri. Nimekamua ng'ombe, nimekanda mkate, nimemwogesha Judith, na sasa nimekaa jikoni na kalamu kwa sababu sijui kama mimi bado ni mke wa mtu.

Habari imeletwa na Rafe Cobbold, mzee wa kanisa letu hapa Thornwick. Aliingia bila hodi, kofia mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye viatu. Kuna amri mpya ya Malkia, anayeirudisha dini ya Papa. Makasisi wote waliooa wakati wa mfalme mdogo, marehemu ndugu yake, waachane na wake zao au waachane na parokia zao. Atakayemwacha mke atafanya toba mbele ya waumini, kisha atapewa parokia nyingine, mbali na huyo mwanamke. Asiyetaka, atatolewa nyumbani yeye na vyombo vyake.

"Kuachana vipi?" nikamuuliza. "Tuna talaka sisi?"

"Si talaka, Mama Kasisi. Wanasema hapakuwa na ndoa."

"Hapakuwa na ndoa? Rafe, si wewe uliyekunywa harusini kwetu mpaka ukalala zizini na nguruwe?"

"Nilikunywa," akasema, macho chini. "Lakini wanasema haikuwepo."

Mume wangu alikuwa pale pale mezani, anapuliza uji wake wa njegere. Huyu ndiye Ambrose Pettiver, kasisi aliyesimama mimbarini miaka ile akahubiri kwamba kasisi ana haki ya kuoa kama mkulima na kama mfalme. Watu walitoka vijiji vya mbali kumsikiliza. Sifa zake zilifika hadi Norwich, kwa baba yangu mtia rangi nguo, na mimi nikaja na shangazi yangu kumsikia, nikabaki. Leo nilimtazama nikingoja angurume. Alipuliza uji. Ulikuwa umeshapoa zamani.

12 Machi

Mvua. Ambrose hakusema kitu.

13 Machi

Mvua. Nilimuuliza, "Utafanya nini?" Akasema, "Sijui." Nikamuuliza atajua lini. Akasema, "Thomasin, naomba." Anaomba nini, hakumalizia.

15 Machi

Leo wamekuja kuchukua meza yangu ya kukandia unga.

Haikuwa meza, kumbe. Ni lile bamba kubwa la jiwe nililolikuta hapa nilipoolewa, laini, baridi, zuri mno kwa unga wa ngano. Nilijua lina misalaba mitano midogo iliyochongwa, minne pembeni na mmoja katikati. Nilidhani fundi alikuwa mtu wa dini. Kumbe ni madhabahu ya kanisa. Mfalme mdogo alipoamuru madhabahu za mawe zivunjwe ziwekwe meza za mbao, wazee wa kanisa waliona huruma kulitupa jiwe zuri namna ile, wakalileta nyumba ya kasisi lisaidie jikoni. Sasa Malkia anataka madhabahu zirudi, na Rafe amekuja na wanaume wanne na magogo ya kulibiringizia.

"Mama Kasisi," akaanza, kisha akakohoa. Nadhani alikumbuka kwamba labda mimi si Mama Kasisi tena, ila hakujua mimi ni nani basi. Akakohoa mara ya pili. "Eeh. Tumefuata jiwe."

"Unga wangu unaumuka juu yake."

"Tutasubiri."

Wakasubiri kweli, wamekaa kwenye kizingiti na pombe yangu ya shayiri, wanaume watano wazima wakitazama unga ukiumuka. Mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini kama mikate niliyokanda pale miaka yote hii ilikuwa mitakatifu. Mwingine akasema labda ilikuwa dhambi. Wakamgeukia Ambrose awaamulie, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Ambrose akasema lingehitaji kufikiriwa.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Kisha nikaenda kwenye banda la ng'ombe nikalia kidogo, nikarudi nikaoka.

18 Machi, Jumapili ya Matawi

Mwaka jana matawi yalikuwa ushirikina. Mwaka huu tumeyashika.

Njiani nilikutana na Mawde Spurling, mjane auzaye pombe karibu na daraja. Tangu siku ya harusi yangu Mawde haniiti jina. Huniita hawara wa kasisi, usoni, mbele za watu, na bado huja mlangoni kwangu kuomba dawa ya kikohozi.

"Habari za asubuhi, hawara," akasema.

"Nzuri. Safari hii huenda umesema kweli."

Nilitegemea acheke. Hakucheka, akaniambia tu nifunge viatu vyangu vizuri, njia inateleza.

25 Machi, Pasaka

Kanisani kwetu wake za watu hukaa mabenchi ya mbele upande wa kushoto, kila mmoja mahali pake. Wajane hukaa ukutani upande wa kaskazini, na wasichana ambao hawajaolewa hukaa nyuma kabisa, wapate kutazamana na wavulana. Kwa miaka yangu yote hapa nimekaa benchi la kwanza. Leo nilipofika, wale wanawake walikuwa wamejisogeza kila mmoja kidogo, kidogo tu, na mahali pangu pamekwisha. Hakuna aliyenisukuma. Walikuwa wanasoma dari.

Nikasimama katikati ya kanisa na Judith kiunoni. Rafe akaja, akakohoa.

"Sasa wewe... Nikuweke wapi, mama?"

"Niambie wewe. Wewe ndiye mzee wa kanisa."

"Mabenchi ya wasichana yana nafasi," akasema, akamtazama Judith, akaona alichokisema, akawa mwekundu hadi shingoni.

Hapo Mawde Spurling akapaza sauti kutoka ukutani, kanisa zima likasikia: "Mlete huku kwa wajane! Wetu wamekufa kabisa, wake amekufa ganzi tu."

Watu wakacheka. Nikaenda nikakaa pale, uso ukiwaka moto. Ambrose alikuwa madhabahuni, mbele ya jiwe langu, ametugeuzia mgongo. Sijui kama alisikia. Nasema sijui kwa sababu siku hizi ndilo neno la nyumba yetu, nimeambukizwa.

2 Aprili

Mvua asubuhi, jua kidogo mchana. Nilimkuta Ambrose jikoni anafanya mazoezi ya misa ya Kilatini. Alisomea ukasisi enzi za mfalme mzee, baba yake Malkia, anaijua yote, lakini mikono imesahau. Alikuwa ameinua bakuli la uji kama kikombe, na Judith nyuma yake ameinua kijiko.

Nikacheka, yeye akageuka akacheka pia, na kwa dakika ile alikuwa yule mtu wangu wa mimbarini. Nikaona ni wakati mzuri.

"Ambrose, niambie kweli. Unayaamini haya?"

Akakaa. "Hapo ndipo taabu ilipo. Nikiyasoma yale niliyohubiri mwenyewe, nayaamini. Nikishika kikombe, naamini na hiki pia. Mtu mwenye akili angekuwa na imani moja."

"Na mimi?"

"Wewe nakupenda," akasema upesi, kana kwamba hilo lilikuwa jepesi, halikuhusu.

Sikujua nifurahi au nimpige kwa kijiko.

9 Aprili

Tunaondoka! Ambrose ameamka na kutangaza kwamba tutavuka bahari kwenda kwa Wajerumani, ambako makasisi wana wake na hakuna anayewauliza. Amefunga vitabu vyake kwenye gunia. Nimempelekea Mawde kuku wangu wote kwa sababu siwezi kuvuka bahari na kuku. Nimeimba siku nzima. Judith anauliza Wajerumani ni nini.

11 Aprili

Amefungua gunia. Anasema usiku wa kuamkia leo alimfikiria mzee Aldous anayekufa pale kinuni, na nani atamwombea. Nikamwambia mzee Aldous ana miaka mitatu anakufa na bado anakula kuliko sisi. Akasema, "Ndiyo, lakini." Akaenda kumwona mzee Aldous.

Nilikaa na hasira hadi jioni. Kisha mlango ukagongwa, Mawde huyo, na tenga la kuku.

"Chukua ndege wako."

"Nilikupa, Mawde."

"Nilikuwekea tu. Nani alikuambia yule atavuka bahari? Hata daraja langu akilivuka hurudi mara mbili kuangalia kama amelifunga lango."

Nikamkaribisha ndani. Tulikula jibini. Nikamuuliza kwa nini ameniita hawara miaka yote hii. Akasema mama yake alimfundisha kwamba kasisi hana mke, na mtu akishafundishwa na mama yake inakuwa vigumu. "Sikuchukii wewe," akasema. "Mambo yamepangwa vibaya, basi." Nikamkatia jibini nyingine.

17 Aprili

Leo tumeitwa mjini mbele ya Daktari Hargrave, msomi wa sheria na afisa wa askofu. Tulikwenda kwa miguu, matope hadi goti, Judith mgongoni kwa baba yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Ningejua la kumfanya mtu mkali. Daktari Hargrave alikuwa mzee mpole mwenye mafua, akainuka akanipa kigoda chake, akampa Judith zabibu kavu. Makasisi walikuwa kwenye foleni. Mbele yetu alikuwa Thurlby, jirani yetu wa parokia ya pili, ambaye mkewe alinikopesha kitanda cha mtoto. Aliulizwa atamwacha mke? Akasema ndiyo. Akaweka sahihi. Akatoka nje anatembea kama mtu aliyeng'olewa jino. Mkewe alikuwa uani, hajajua bado.

Kisha sisi.

"Ambrose Pettiver. Utamwacha mwanamke huyu?"

Ambrose akafikiri. Mvua ilisikika juu ya paa. "Sijui," akasema.

Karani akainua kalamu, akamtazama Daktari. "Niandike nini, bwana?"

"Ndiyo au hapana, Kasisi Pettiver. Hapana nafasi ya jibu la tatu."

"Basi hilo la tatu ndilo nililonalo."

Daktari akapenga kamasi taratibu. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama. Unaelewa kwamba kwa sheria uko huru?"

"Huru kufanya nini?"

"Kuolewa na mtu yeyote."

"Nimeshaolewa."

"Hapana."

"Na huyu mtoto anayekula zabibu zako?"

Akamtazama Judith. "Ni mtoto mzuri," akasema, na nadhani alimaanisha, na haikusaidia chochote. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe hakuwahi kuongoza ibada ya Kiingereza wakati wa mfalme mdogo. Akasema aliongoza. Na sasa? Sasa anaongoza ya Kilatini. "Nina umri wa kutosha," akasema, "kuwa nimeamriwa karibu kila kitu."

Tumepewa hadi Pentekoste. Siku hiyo Ambrose atasimama mbele ya watu wa Thornwick, ameshika mshumaa, asome maneno ya toba. Akisoma, ana parokia nyingine. Asiposoma, tunatoka nyumbani siku ile ile, na hatahubiri tena popote katika Uingereza hii.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema hapana. Akasema, "Sikusema ndiyo pia, Thomasin." Alitaka nimshukuru. Na ajabu ni kwamba kwa nusu maili hivi nilimshukuru kweli, kisha nikawaza tena, nikamwambia anipe mtoto nimbebe mwenyewe.

23 Aprili

Mvua. Hakusema.

24 Aprili

Mvua. Hakusema. Ng'ombe ana kikohozi.

30 Aprili

Siku ya kuzunguka mipaka ya parokia kubariki mashamba. Wameiruhusu tena, na bendera na kengele za mkono. Parokia nzima tulitembea, kutoka mti hadi mto, mto hadi jiwe la mpaka, na kila kituo Ambrose anaimba Injili juu ya shayiri changa.

Lazima niandike ukweli: aliimba vizuri sana. Sijawahi kumsikia hivyo. Wazee walilia. Rafe Cobbold alilia waziwazi. Hata mvua ilikatika kwa saa nzima na watu wakatazamana. Nilimwona mume wangu ameinua uso, ana furaha, furaha ambayo sijaiona jikoni kwangu, na nikaona wivu, ila sikujua namwonea wivu nani. Huwezi kuvutana nywele na Kilatini.

Wakati wa kula, Rafe akaja kukaa karibu nami kwenye nyasi mbichi. Akakohoa.

"Mimi ndiye niliyepeleka jina lenu kwa askofu," akasema.

Niliweka mkate chini. "Wewe?"

"Kila mzee wa kanisa aliamriwa. Nisingepeleka lake, lingepelekwa langu." Akang'oa majani. "Hatutaki aondoke. Hujamsikia leo? Na akisoma toba anapelekwa kwingine, asiposoma anafukuzwa. Vyovyote tunampoteza. Nimekata tawi nililokalia, mama."

Miaka yote hii nimemhesabu Rafe rafiki na Mawde adui. Sasa nimhesabu vipi? Alikuwa analia tena. Nikampa pombe yangu iliyobaki.

8 Mei

Jua. Nimefua mashuka yote. Hakusema.

12 Mei, mkesha wa Pentekoste

Alasiri alinikuta natoa magugu kwenye vitunguu. Akachuchumaa karibu nami.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Nilisimama na jembe dogo mkononi. "Ambrose, tangu Kwaresima nangoja useme neno, na leo unaniuliza mimi?"

"Nataka kujua unachotaka."

Basi nikamwambia. Kama hakuwa amejua, sasa anajua. Nilimwambia nataka abaki nami. Nilimwambia twende Norwich kwa baba yangu, nitatia rangi nguo kama nilivyotia utotoni, mikono ya buluu hadi kiwiko, na yeye afundishe watoto wa wafanyabiashara kusoma, tutakula, na Judith atakuwa na baba mwenye jina. Nilimwambia simtaki kasisi, namtaka yeye. Nilisema yote, na vitunguu vikisikia.

Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema, "Wewe una moyo ulionyooka." Akaingia ndani. Hiyo ilikuwa ndiyo? Hiyo ilikuwa hapana? Nimekaa hapa hadi vitunguu vimekwisha magugu na sijui.

13 Mei, Pentekoste

Nimesema. Mbele ya watu wote nimesema mimi. Mkono hauandiki. Kesho.

14 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Nilikaa na wajane, Mawde kushoto kwangu, Judith mapajani. Daktari Hargrave alikuja mwenyewe na mafua yake. Ambrose akaingia pekupeku, amevaa shuka jeupe, nililolifua Jumanne nikidhani ni la kitanda, na mshumaa mkononi. Alipopita alinitazama. Sikuona kitu usoni mwake.

Akapewa karatasi. Imeandikwa kwa Kiingereza, wapate kuelewa wote. Akaanza. "Mimi, Ambrose Pettiver, nakiri mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba nilikaa na mwanamke aitwaye Thomasin, nikimwita..."

Akanyamaza.

Nilidhani anavuta pumzi. Nta ilimdondokea mkononi na hakuusogeza. Rafe akakohoa. Daktari Hargrave akasema kwa upole, "Endelea, Kasisi." Ambrose akarudia, "nikimwita," akanyamaza tena.

Niliwaza: ni leo. Ataitupa chini. Atasema mke wangu, na tutatoka mlango ule, na nitabeba gunia la vitabu mwenyewe hadi Norwich na nisilalamike hata mara moja. Nilikuwa tayari nimeinua Judith.

Hakuitupa. Hakuisoma. Alisimama tu. Watu walianza kusogeza miguu. Mtu mmoja nyuma akaguna. Na Ambrose akainua macho akanitafuta ukutani, akanitazama, na safari hii niliona usoni mwake kila kitu. Alikuwa ananiomba. Uso ule ule wa jikoni, "Thomasin, naomba," na hatimaye nilijua anaomba nini. Alitaka nimfanyie.

Nikasimama. Mawde akanishika sketi, nikamtoa mkono.

"Mimi si mke wake," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Mmesikia nyote. Mimi Thomasin si mke wa mtu huyu. Asome sasa, mtoto ana njaa."

Na akasoma! Alisoma hadi mwisho bila kukwama popote, kwa ile sauti yake nzuri, kila neno mahali pake, kama anayesoma tangazo la mnada. Alikiri kwamba ndoa haikuwa ndoa. Akaomba msamaha kwa kuwakwaza. Daktari Hargrave akamfuta nta mkononi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikampa Judith maziwa. Sikujua kwa nini nilisema. Labda nilimhurumia, kusimama pale na shuka. Labda nilitaka kumchoma moyo, aone aibu, aseme hapana mbele ya wote. Nadhani yote mawili, na kama angekuja mlangoni amevunjika, analia, amekasirika, hata angenipigia kelele, ningebaki naye chini ya daraja.

Alikuja jua likiwa bado juu. Alikuwa amevaa viatu. Uso wake ulikuwa umelainika, mikunjo yote ya Kwaresima imekwisha, alionekana kijana kama siku ile ya kwanza mimbarini. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante, Thomasin," akasema. "Asante sana. Nisingeweza peke yangu."

Kisha akaketi akala, kwa hamu, vizuri, mkate wote. Alikuwa akizungumza na mdomo umejaa. Wamempa Ashmere, siku moja kwa farasi, kanisa zuri, mnara wa mawe. Alishafikiri: nije baada ya mwezi mmoja, niseme mimi ni dada yake mjane, Judith ni mpwa wake, nitamtunzia nyumba na hakuna atakayeuliza. "Hakuna kitakachobadilika," akasema. "Ni majina tu."

Nilikuwa nimesimama na mtungi. Nilimtazama akiokota makombo kwa kidole, na nilitafuta ndani yangu yule mke aliyesimama mwezi wa Machi akingoja angurume. Nilitafuta kweli. Hakuwemo.

"Hapana, Ambrose," nikamwambia.

Akadhani nimemaanisha mpwa. Akasema tunaweza kutafuta uhusiano mwingine.

17 Mei

Amekwenda Ashmere na vitabu vyake. Kijiji kizima kilimsindikiza hadi darajani. Aligeuka mara mbili. Alilia, na alimlilia Judith kwa dhati, na mimi pia nililia, sina sababu ya kukana. Ng'ombe amebaki kwa kasisi mpya. Kuku wamechukuliwa na Mawde, na safari hii hataniwekea.

"Unakwenda kwa baba yako kama nani?" akaniuliza.

"Kama mtia rangi."

"Basi nenda, hawara," akasema, akanikumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikaniuma.

19 Mei

Jua kali, vumbi, la kwanza mwaka huu. Tunasafiri kwenye gari la sufu liendalo Norwich, mimi na Judith juu ya marobota. Mwenye gari ni mtu wa maneno mengi, kutoka upande wa pwani, hajui sisi ni nani. Ameniuliza kila kitu: ninakotoka, bei ya shayiri kwetu, kama ni kweli Thornwick kasisi alivaa shuka. Nikasema nimesikia hivyo.

"Na wewe una mume, mama?"

Nilifungua mdomo kusema sijui. Miezi hii ulimi umezoea. Daktari na sheria yake na Malkia na mshumaa, vyote hivyo havikuweza kunipa jibu, nilikuwa bado mke wake hata niliposimama nikasema si mke wake. Lakini yule mtu alikuwa amegeuka kwenye kiti, anasubiri kwa adabu, na nikagundua najua.

"Sina," nikasema. "Alinishukuru."

Hakuelewa, akawachapa farasi.